SOMO: Kupanda mawe ya Capri Point jioni bila kuacha goti huko

Habari zenu wakuu. Kuna watu wakifika Mwanza wanapiga picha jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga basi, wanaondoka wakijua wameyamaliza mawe. Lile ni zuri sibishi, hata Wajerumani walilipa jina la chansela wao, ila lile ni la kutazama. Ya kupanda yako huku juu Capri Point.

Kwanza muda. Watu wa Dar huwa mnawahi mno, kwenu jua linatangulia kuzama, huku linakaa mpaka karibu saa moja, ukianza saa kumi na moja unapanda taratibu.

Pili vaa raba, ndala acha.

Tatu, hapa ndo penyewe. Graniti ikikauka inashika mguu kama msasa, lakini angalia ile michirizi meusi maji ya mvua yanapopita, ikilowa ni mlenda mtupu. Mwaka jana nilikanyaga mmoja nikashuka kwa makalio kama mita tatu hivi, suruali ikawa wavu, shemeji yenu alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo kabla hujaweka mguu jiulize hapa nitashukaje, kama hujui zunguka.

Nne, kushuka geukia jiwe kama uko kwenye ngazi, na ushuke bado unaona vidole vyako.

MASWALI

– Mkuu, nani aliyapanga vile, moja juu ya jingine?
Hakuna mtu. Yalikuwa ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa yakawa yanaozesha jiwe kidogo kidogo, baadae mvua ikabeba udongo yenyewe yakabaki yamekaliana.

– Nina watoto, wa miaka 5 na 8, nije nao?
Hapana dada yangu, hao wapandishe boti wapeleke Saanane, hifadhi ya taifa ile tangu 2013, kisiwa kidogo tu, wataona na pimbi.

– Na ile michirizi myeupe nayo inateleza?
Huo ni mkojo wa pimbi kaka, usishike halafu ukala karanga.

– Huku kwetu Igogo je, si mawe yapo kibao?
Yapo, ila unapita uani kwa watu, piga hodi, amkia wazee.

– Wabeja mkuu. Ile suruali ulishona?
Dekio saa hizi.