Gari inalia ta-ta-ta na haiwaki? Isikilize kwanza kabla hujanunua betri

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nimevuka feri ya Likoni hapa Mombasa, tumefika ng'ambo, magari yanaanza kushuka, mimi nageuza ufunguo gari inafanya ta! moja halafu kimya, na nyuma yangu tuktuk zinapiga honi utadhani kuna harusi. Vijana wakanisukuma mpaka juu, nikauziwa betri mpya papo hapo, gari ikawaka, nikamshukuru Mungu. Siku 3 baadae ta! ile ile. Mzee mmoja fundi akaniuliza tu, "mwanangu, ilikuwa inalia moja ama nyingi?" Moja, mzee. Akacheka. Kumbe ni waya wa athi, ule unaotoka kwa betri kwenda kwenye bodi na injini, umeliwa na chumvi ndani kwa ndani umekuwa unga wa kijani, na siku ile gari iliwaka kwa sababu waya ulitikiswa wakati wa kufunga betri basi.

Sasa hilo swali la mzee ndio kazi yote. Stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, kwa gari ndogo ya petroli inavuta kama ampea 100 mpaka 200 hivi, taa kubwa za mbele hazifiki hata 15. Ndio maana mtu anakwambia "betri iko sawa, mbona taa zinawaka na redio inaimba", hiyo haithibitishi chochote. Ule mlio unatoka kwa selenoidi iliyo juu ya stata, kazi yake ni kusukuma gia ndogo ishike flaiwili (gurudumu la meno la injini) na hapo hapo kufunga njia umeme mkubwa upite. Betri ikiwa dhaifu, selenoidi inavuta, umeme unaanguka, inaachia, umeme unapanda tena kidogo, inavuta tena, ndio unasikia ta-ta-ta-ta mbio mbio. Hapo ni betri imeisha ama tamino zake, vile vichwa viwili vinavyofungwa waya, hazishiki. Ikilia ta moja nzito na imekaa kimya, selenoidi imevuta vizuri lakini mota haizunguki: makaa ya stata (vipande vya kupitisha umeme ndani ya mota) yameisha, ama ndani pameungua, ama waya mnene umekatika, ama injini yenyewe imejamu. Na ukisikia kamlio kadogo tu kwenye sanduku la fyuzi, hiyo ni rilei, swichi ndogo ya umeme, na umeme haufiki kwa stata.

Washa taa kubwa, mtu aziangalie huku wewe unapiga stata. Zikizima kabisa ni betri ama tamino. Zisipobadilika hata kidogo, umeme haupiti kwenye stata, angalia stata na waya wake. Zikififia sana na mlio ni mmoja, kuna kitu kimekwama.

Kama una mita ya kupima umeme hata ile ya bei rahisi, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 gari ikiwa imezimwa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 usitegemee. Mtu akipiga stata isishuke chini ya 9.6. Lakini kabla ya mita fungua boneti uangalie tamino kwa macho, maana huku kwetu na huu upepo wa bahari, kama unalaza gari Nyali ama Bamburi karibu na maji, ule unga mweupe na kijani unaota haraka sana. Spana ya 10 mara nyingi inatosha, toa negativu kwanza, mwagia maji ya moto yenye baking soda, sugua kwa msasa mpaka chuma kingae, rudisha negativu mwisho. Tamino ikizunguka ukiishika kwa mkono haijakazwa hiyo.

Kujua kama ni athi, chukua waya mmoja wa jampa, ule mnene wa kuazima umeme kwa gari ingine, upande mmoja kwa negativu ya betri, wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Ikiwaka, umepata ugonjwa. Mimi ningefanya hivi pale Likoni hela ya betri ingebaki mfukoni.

Kujampa na gari ingine: nyekundu kwa pozitivu ya betri iliyokufa, kisha kwa pozitivu ya nzima, nyeusi kwa negativu ya nzima, na ile ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari mbovu mbali na betri, maana betri inatoa gesi inayoshika moto, na sigara izime yakhe. Ikiwaka pima betri tena injini ikiunguruma, isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na inazidi kushuka basi oltaneta, ile mashine ya injini ya kuchaji betri, haichaji, na hata ununue betri 2 zitakufa zote.

Mlio mmoja na betri nzima? Weka nyutro ama paki, handibreki juu, mtu apige stata huku wewe unaigonga stata taratibu kwa mpini wa spana. Taratibu nasema, stata nyingi zina sumaku ndani na sumaku inapasuka. Ikiwaka hivyo nenda kwa fundi siku hiyo hiyo. Gari ya manual inaweza kusukumwa iwake, automatiki usijisumbue.

Na ukiwa umepita kwenye mafuriko ya mvua za Mei halafu gari inalia ta moja, acha ufunguo kabisa, maji yanaweza kuwa yameingia kwenye silinda na ukilazimisha unapinda vyuma vya injini, mwambie fundi atoe plagi kwanza.

Ukimaliza kusafisha tamino zipake mafuta ya mgando, yale yale ya kupaka mtoto, na kila ukipima oili zitupie jicho.