Mtafute kunguru kwanza: namna ya kusoma denari ya Mathias

Ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Mpwa wangu alirudi kutoka masomoni Debrecen, Hungaria, na denari tatu, sarafu ndogo za kale za huko, kwenye bahasha. "Mjomba, wewe ndiye sonara, hebu niambie zinasema nini." Nikaisugua moja kwa ndimu na majivu kama bangili ya mteja. Iling'aa, naam, na nusu ya herufi zikaenda na maji. Denari ya Mathias Corvinus, aliyetawala Hungaria 1458 hadi 1490, ni kijisahani cha nusu gramu hivi, fedha na shaba karibu nusu kwa nusu. Hapo hakuna cha kusugua. Usiisafishe.

Ishike ukingoni, uilaze juu ya karatasi nyeusi, kisha uzime taa ya darini, maana mwanga wa juu huzifuta picha. Mimi hungoja saa kumi na moja jioni, jua la River Road linapoingia dirishani kwa ubavu. Tochi ya simu ikilazwa mezani itafaa pia. Lenzi ya fundi saa yatosha.

Uso wa mfalme usiutafute, haupo. (Sisi tusishangae: tangu 2018 sarafu zetu mpya za Kenya zina twiga, kifaru, simba na ndovu.) Tafuta ngao yenye vyumba vinne: mistari ya kulala, msalaba wenye vijiti viwili vya kukingama, vichwa vya chui vya Dalmatia (pwani ya Kroatia leo), simba wa Bohemia (Ucheki ya leo). Katikati yake kuna kingao kidogo, kama punje ya mtama, na ndani yake kunguru aliyeshika pete mdomoni. Huyo ndiye Mathias. Kunguru kwa Kilatini ni corvus, ndiko lilikotoka jina Corvinus. Kunguru wa hapa kwetu huiba mandazi, mwenzao kapata pete.

Pembeni soma MATHIE R VNGARIE. R ni kifupisho cha neno la Kilatini la mfalme, V isome U.

Geuza. Bikira Maria na Mtoto, na maneno PATRONA VNGARIE, mlinzi wa Hungaria. Ukiona K kushoto kwake, iligongwa Kremnica, mji wa migodi ulioko Slovakia leo. Alama ya kulia ni ya msimamizi wa kiwanda cha sarafu.

Zile mbili zilizopona zote zina K. Ile ya ndimu imebaki na mkia wa kunguru tu. Naiweka kwenye droo, niwaonyeshe wateja wanaoudhika nikikataa kusugua vitu vya bibi zao.