Jinsi ya kujua kama mkoa unakua kiuchumi kweli (mfano: Geita)

Juzi nilikaa na dogo mmoja wa chuo anaandika utafiti kuhusu uchumi wa Geita, akakwama palepale nilipokwama mimi zamani, nikaona bora niandike.

Hatua ya 1. Pakua pato la mkoa (thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa mkoani kwa mwaka) kutoka NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, omba na mapato ya ndani ya kila halmashauri. Weka Excel.

Hatua ya 2. Kagua mipaka kabla hujalinganisha chochote. Hii ilinila siku mbili nzima. Geita imekuwa mkoa 2012, kabla ya hapo Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, Bukombe ilikuwa Shinyanga, Chato ilikuwa Kagera, sasa ukichukua namba za Mwanza za 2010 ukaziweka na za 2015 utadhani Mwanza imeporomoka kumbe mgodi wa dhahabu wa Geita umehesabiwa mkoa mwingine. Ama uanzie 2012 kuja huku, ama ushuke wilayani ujumlishe mwenyewe, na huko nako angalia, Mbogwe imemegwa Bukombe na Nyang'hwale imemegwa Geita. Halafu halmashauri wanahesabu Julai mpaka Juni ila pato la mkoa ni Januari mpaka Desemba, usiziweke mstari mmoja hivihivi. Tena Machi 2019 Geita ikafunguliwa soko la dhahabu, kwahiyo sehemu ya mauzo yaliyoongezeka ni dhahabu ileile ya kuuzwa kichochoroni, imeanza tu kuandikwa. Weka alama hapo.

Hatua ya 3. Toa mfumuko wa bei, kisha gawa kwa watu. Geita ilikuwa na watu milioni 1.7 sensa ya 2012, 2022 wamekaribia milioni 3, kwahiyo pato lazima likimbie kweli ndo mtu mmojammoja asogee.

Hatua ya 4. Ingia mtaani. Mgodi unaweza kupandisha pato la mkoa mzima na mama lishe asione kitu. Mimi naamini daftari la duka la vifaa vya ujenzi kuliko kipimo kingine chochote. Pale Katoro, mji mdogo hukohuko Geita, mwenye duka alinifungulia lake: baada ya mavuno ya mpunga watu wanabeba bati za geji 28, hela ikikata wanarudi geji 30, ile nyembamba, wengine wanachukua mbilimbili. Uliza maduka matatu au zaidi, mwezi uleule kila mwaka, maana ukilinganisha Julai na Januari umepima msimu tu.

Hatua ya 5. Chora grafu ya mstari, moja kwa kila kipimo. Madashibodi ya kung'aa achana nayo.

Dogo kashapata maduka manne Katoro, Jumatatu anaenda Chato.