AC ikiacha kupoza, usikimbilie kujaza gesi

Joto la Dar likipamba moto mwezi Januari, mafundi wengi huja na jibu moja: "Gesi imeisha, bosi." Jamani, gesi ya AC haiishi kwa matumizi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka nenda mwaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kutupa hela.

Kabla ya kumpigia fundi, tazama rimoti: alama ya theluji ipo, au mtoto kaiweka kwenye feni? Kisha zima umeme, fungua mfuniko wa mbele, chomoa vichujio. Vikiziba kwa vumbi hewa haipiti, na wakati mwingine barafu huganda huko ndani. Vioshe kwa maji ya kawaida, vikauke kivulini, uvirudishe. Barafu usiikwangue, iache iyeyuke yenyewe, hata kama ni saa kadhaa.

Halafu washa tena, toka nje kwenye kile kisanduku cha AC. Feni yake inazunguka? Majani, nguo zilizoanikwa, ukuta uliobanana nayo, vyote huzuia joto kutoka. Na ninyi wa Kigamboni na pwani nzima, chumvi ya bahari hula vile vibati vyembamba vya alumini vya kisanduku hicho, kwa hiyo vioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na presha kubwa.

Feni inazunguka lakini kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, kimya? Huenda umeme ni mdogo, au kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme wa kuisaidia mota iwake, imekufa. Hapo usiguse kitu, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata swichi ikizimwa. Mwite fundi, na akitaja gesi, akuonyeshe kwanza inapovuja.