Somo: Kulinganisha mota za umeme za ndege za rimoti kabla hujatoa hela

Fungua duka lolote la vifaa vya ndege za rimoti utakuta mota kibao, sura moja, zote zimeandikwa 1000 Kv (Kv ni kasi ya mota kwa kila volti, tutaifikia), na bei ya moja ni mara tatu ya nyingine. Wengi wetu huangalia Kv kwanza, kisha bei, kisha msukumo anaoutangaza muuzaji. Huko ni kuanzia mkiani. Anza na ndege, nenda kwenye propela na betri, ndipo uje kwenye mota. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ndege ya kujifunzia ya foam, bawa juu, kilo 1.2 ikiwa na betri ndani.

Ninazungumzia mota zisizo na brashi, zile ambazo ganda la nje lenye sumaku ndilo linalozunguka. Mota za brashi siku hizi zimebaki kwenye vindege vidogo sana na vya kuchezea.

Hatua ya 1: Ndege inataka wati ngapi?

Pima uzito wa ndege nzima, tayari kuruka. Kisha zidisha:

- Ndege tulivu ya kuelea: wati 100 hivi kwa kilo
- Ya kujifunzia: 150 hadi 200
- Ya michezo ya angani: 220 hadi 300
- Ya kuning'inia kwa propela, pua juu: zaidi ya 330

Hizi ni wati zinazotoka kwenye betri, yaani volti mara ampea. Ndege yetu tuipe 180 kwa kilo: 1.2 × 180 = wati 216.

Betri ya LiPo ya seli 3 huandikwa volti 11.1, ikijaa hufika 12.6, lakini ikivutwa kwa nguvu hushuka hadi kama 10.8. Fanya hesabu kwa hiyo 10.8. Wati 216 ÷ 10.8 = ampea 20. Andika namba hiyo pembeni, ndiyo itakayochuja mota nyingi.

Hatua ya 2: Propela

Propela ya 10x6 ina kipenyo cha inchi 10 na pichi ya inchi 6. Pichi ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa isingeteleza. Kasi ya pichi kwa kilomita kwa saa ni mizunguko kwa dakika × pichi × 0.001524. Kwa 10x6 ikizunguka 8,500: 8,500 × 6 × 0.001524 = kilomita 78 kwa saa. Ndege kama hii huanguka ikishuka chini ya kilomita 30 kwa saa hivi, na kasi ya pichi iliyo mara mbili na nusu ya hapo inatosha vizuri. Kwa mizunguko hiyo, propela ya aina hii hula karibu wati 180 kwenye shafti na kutoa msukumo wa kama kilo 1. Ukiongeza upotevu ndani ya mota, unarudi palepale kwenye wati 216. Hesabu zimekutana.

Kumbuka kwamba mzigo wa propela hupanda kwa kipenyo kipeo cha nne. Inchi moja tu, kutoka 10 hadi 11, inaongeza mzigo kwa asilimia 46 kwa mizunguko ileile. Hapo ndipo mota nyingi hufia.

Hatua ya 3: Kv

Kv ni mizunguko kwa dakika ambayo mota hupata kwa kila volti 1 ikiwa haina propela. Haihusiani na kilovolti, na haielezi nguvu. Ichukulie kama gia ya baiskeli: mota ya Kv ndogo huzungusha propela kubwa polepole, ya Kv kubwa huzungusha ndogo kwa kasi. Kwa kila ampea, mota ya 500 Kv hutoa nguvu ya kuzungusha mara mbili ya ile ya 1000 Kv. Lakini stata ileile (kiini cha mota kisichozunguka, chenye koili) ikisukwa waya mwembamba mizunguko mingi, au mnene mizunguko michache, inabeba wati karibu sawa.

Ikiwa na propela, mota hufika kama asilimia 80 ya kasi yake ya bila mzigo. Basi: 8,500 ÷ 10.8 ÷ 0.8 = 984. Tunatafuta mota ya Kv 950 hadi 1,000.

Hatua ya 4: Sasa zilinganishe

Hapa usiwe na haraka.

Chukua A2212 ya 1000 Kv, mota ya bei nafuu ambayo wengi wameanza nayo. Namba 2212 inamaanisha stata ya kipenyo cha milimita 22 na urefu wa 12. Angalia vizuri, kwa sababu watengenezaji wengine huandika kipimo cha ganda la nje, na ganda la mota hii ni milimita 28 hivi. Mota mbili zinaweza kuwa na namba tofauti huku ukubwa ukiwa uleule.

Karatasi yake husema: gramu 47, ampea 12 kwa sekunde 60, ukinzani wa miliomu 90. Sisi tunataka 20. Tayari imetoka, hata kama Kv yake ni sahihi kabisa.

Tuseme mota ya pili ni gramu 75, Kv ileile, ampea 25, miliomu 45. Joto kwenye koili ni ampea × ampea × ukinzani. Kwa ampea 20, ya kwanza inachemsha 20 × 20 × 0.09 = wati 36 ndani ya gramu 47. Ya pili ni wati 18, na mwili mkubwa zaidi wa kulitoa joto hilo. Ile tofauti ya bei unayoiona dukani mara nyingi imekaa hapa: shaba zaidi, beringi bora, sumaku zinazostahimili joto.

Kama karatasi haina ukinzani, tumia uzito. Kanuni ya tahadhari ni wati 3 kwa kila gramu ya mota. 216 ÷ 3 = gramu 72. Muuzaji akikuambia mota ya gramu 50 inabeba wati 400, mimi simwamini, labda anasemea sekunde chache.

ESC, yaani kidhibiti kasi kinachokaa kati ya betri na mota, iwe na nafasi ya robo hadi theluthi juu ya ampea zako. Hapa ya 30 inafaa.

Hatua ya 5: Pima kwa mita ya wati

Unganisha mita kati ya betri na ESC, funga ndege imara, simama nyuma ya propela na usimruhusu mtu kukaa usawa wake. Fungua mafuta yote (yaani sukuma fimbo ya nguvu kwenye rimoti hadi mwisho) sekunde 5 hadi 10, soma ampea, funga. Ikizidi namba uliyoandika, punguza propela.

Kama una kipima mizunguko cha mwanga, kihakiki chini ya taa ya tyubu ya zamani yenye choki. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inamweka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kikiwekwa kwa propela ya panga mbili lazima kisome 3,000.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina mota niliyoitoa kwenye ndege iliyovunjika, maandishi yamefutika. Nitajuaje Kv yake? (Tanga)*

Marahaba. Ishike shafti kwenye drili, izungushe kwa kasi unayoijua, upime volti za AC kati ya nyaya zozote mbili kati ya tatu. Gawa mizunguko kwa volti hizo mara 1.414. Drili ikiwa 2,800 na mita ikasoma volti 2: 2,800 ÷ 2.83 = karibu 990 Kv.

*Kaka, nikiweka seli 4 badala ya 3 kwenye mota hiyohiyo nitapata nguvu theluthi zaidi, sivyo? (Dar es Salaam)*

Hapana, kaka. Kwa propela ileile wati hupanda kwa volti kipeo cha tatu: 4/3 × 4/3 × 4/3 ni mara 2.4 hivi. Ampea zako 20 zitaelekea 35. Ukitaka seli 4, tafuta mota ya Kv 750 kwa propela hiyohiyo, na ampea zitashuka hadi kama 15.

*Niko Nairobi. Nimefuata hesabu, mita inasoma wati pungufu na ndege inapanda kivivu. Mota ni feki? (Nairobi)*

Sidhani. Uko kama mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16, na propela inapata kidogo cha kusukuma. Jaribu 11x5 badala ya 10x6. Kwa hewa ya huko mzigo wake unakaribia ule wa 10x6 ufukweni. Pima ampea tena kabla ya kuruka.

*Mwalimu, huku kiangazi mota inatoka angani huwezi kuigusa. Ampea ziko sawa. (Muscat)*

Sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi, na zikishapoa haziirudishi yote. Hewa ya nyuzi 45 imekula nafasi yako kabla hujaruka. Toboa njia ya hewa mbele ya mota, na tundu la kutokea nyuma liwe kubwa zaidi ya la kuingilia. Shusha pichi inchi moja, na usifungue mafuta yote zaidi ya pale unapopaa.

*Mota inazunguka kinyume. (Mwanza)*

Badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazotoka kwenye ESC kwenda kwenye mota. Zile za betri usiziguse.