Namna ya Kulifanya Dawati la Jinsia Limfae Mwanamke Aliyefanyiwa Ukatili

Maelekezo haya yanawalenga wakuu wa vituo vya polisi, askari wa Madawati ya Jinsia na Watoto (vitengo vya polisi vinavyopokea mashauri ya ukatili wa kijinsia na ukatili dhidi ya watoto), maofisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria wa Tanzania Bara. Madawati sasa yamezidi 400 nchini, ilhali utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 27 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Wengi wao hawafiki polisi kabisa, na baadhi ya wanaofika hurudi nyumbani bila shauri lao kuandikwa. Yanayopendekezwa hapa hayahitaji jengo jipya wala mradi wa wafadhili, ingawa vyote viwili vikija havikataliwi.

Kaunta kabla ya dawati

Dawati haliko mlangoni. Mwanamke anayeingia kituoni hukutana kwanza na askari wa zamu kaunta, ambaye mara nyingi hajapata mafunzo yanayotolewa kwa askari wa dawati. Simama pembeni ya kaunta saa 3 usiku uangalie: mmoja amefuata taarifa ya kupotelewa simu, wawili wamekuja kumwekea ndugu yao dhamana, na katikati yao mwanamke aliyejitanda kanga hadi mdomoni anaulizwa kwa sauti, "Wewe una shida gani?" Hapo hana budi kuchagua ama aseme mbele ya wote hao, ama atafute la kusema. Nimewahi kumshuhudia mmoja aliyejibu kwamba amepoteza kitambulisho, na askari akamwandikia taarifa ya kitambulisho vizuri kabisa, ikiwa na muhuri. Alirudi siku ya nne akiwa na shangazi yake.

Kwa hiyo anza na kaunta. Kila askari wa zamu, awe mwanamume au mwanamke, afundishwe kumsogelea mtu wa namna hiyo na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Karibu dada, jambo lako ni la kuzungumzia ndani?" Kutikisa kichwa ni jibu tosha. Akishaingia ndani, askari huyo wa zamu aulize mambo matatu tu kisha aache mengine kwa askari wa dawati: kama ameumia au bado yuko hatarini, tukio limetokea lini, na kama anamfahamu aliyemtendea. Swali la kwanza linaamua kama aende hospitali kwanza, na la pili linaamua ni dawa zipi bado zinaweza kumsaidia.

Swali la tatu linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza kabisa aliyoipata huaminika zaidi kuliko anayemtaja baadaye bila sababu. Mwanamke anaweza kulitaja jina usiku ule ule, lakini ikiwa kitabu cha taarifa kinasema tu "amefanyiwa ukatili", miezi minane baadaye wakili wa utetezi atauliza kwa nini jina halipo, na aliyelitaja ndiye atakayeonekana mwongo. Jina liandikwe, na kama halijui, yaandikwe maumbile ya mtu huyo, mavazi yake na mahali alipowahi kumwona. Apewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, kwenye karatasi, lakini aulizwe kwanza kama ni salama kuondoka nayo, maana karatasi hiyo ikikutwa kwenye mkoba na mume aliyempiga inaweza kuwa chanzo cha kipigo kingine.

Madawati mengi hufanya kazi saa za ofisi, ilhali vipigo vya nyumbani havina saa za ofisi. Mkuu wa kituo aweke orodha ya zamu ya askari wa dawati ndani ya kaunta, ikiwa na jina na simu ya anayepaswa kuitwa kila usiku. Kumwambia mtu "njoo kesho, mama wa dawati ametoka" ni sawa na kumfukuza kwa adabu.

Maelezo yachukuliwe mara moja, na yachukuliwe vizuri

Chumba kiwe na mlango unaofungika na kisipitwe na watu wanaokwenda mahabusu. (Ningependa pia mabango yenye mchoro wa mwanamke anayelia yaondolewe ukutani, anayeingia humo anajua tayari kwamba analia.) Mweleze mapema kwamba utaandika atakayoyasema, kwamba anaweza kupumzika, na kwamba mtu anayemwamini anaweza kukaa naye ikiwa si shahidi wa tukio hilo. Asiyekijua Kiswahili vizuri atafutiwe mkalimani asiye ndugu wa upande wowote.

Katika makosa ya kujamiiana ushahidi bora ni wa mwathirika mwenyewe, na msimamo huo wa Mahakama ya Rufani unayafanya maelezo yake yawe na uzito kuliko karatasi nyingine yoyote iliyomo kwenye jalada. Tatizo ni kwamba lugha yetu ina staha. Mwanamke atasema "alinifanyia kitendo kibaya" au "alinilala", na askari mwenye haraka atalitafsiri hilo kwa maneno ya sheria ambayo mwanamke hajawahi kuyatamka. Akifika kizimbani anaongea kama mtu mwingine, na mkanganyiko huo ndio unaompa mtuhumiwa mwanya. Andika maneno yake kama alivyoyasema, halafu muulize taratibu anamaanisha nini kwa "kitendo kibaya", na uandike pia jibu hilo kwa maneno yake. Usimuulize alikuwa amevaa nini ili kumpima tabia. Muulize nguo alizovaa ziko wapi, kwa sababu ni vielelezo. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele. Muulize nini kilitokea baada ya pale. Msomee maelezo yote kabla hajatia saini au dole gumba.

Baada ya hapo, mpelelezi, ofisa ustawi wa jamii na mwendesha mashtaka wasome yaliyoandikwa kabla ya kumwita tena. Kila anapolazimika kusimulia upya anaumia, na kila simulizi mpya huzaa tofauti ndogo ndogo zitakazotumika dhidi yake.

Hospitali

PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumchunguza aliyeumizwa, si tiketi ya kuingilia wodini. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutumika hadi saa 120. Anayevuja damu atibiwe, fomu imfuate. Askari ampeleke mwenyewe badala ya kumwelekeza, na nauli ya bodaboda itoke kwenye fungu dogo la kituo, kwa kuwa kumtaka mlalamikaji achangie mafuta ndilo jambo linalowakatisha wanawake tamaa upesi kuliko jingine lolote ninalolijua.

Ashauriwe asioge kabla ya uchunguzi. Nguo zake ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kila moja peke yake, wala zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki unaotunza unyevu na kuharibu sampuli. Daktari aandike PF3 kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na jina lake kamili na cheo, kwa kuwa mtuhumiwa ana haki ya kuomba aitwe mahakamani ahojiwe, na madaktari huhamishwa. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam, tiba, polisi, ushauri nasaha na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja. Pasipo nacho, simu moja ya askari kwenda kwa muuguzi wa zamu kabla hawajafika hupunguza nusu ya usumbufu.

"Kayamalizeni nyumbani"

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika mashauri ya shambulio la kawaida na makosa madogo ya aina hiyo. Haimruhusu askari, mtendaji wa kata wala mzee wa ukoo kusuluhisha ubakaji kwa ng'ombe wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa lengo la kumwadhibu, kwa hiyo "ni mambo ya mume na mke" si jibu la kituo cha polisi. Mwanamke akiomba mwenyewe kufuta shauri, aulizwe faraghani, familia ikiwa nje, na sababu yake iandikwe. Mara nyingi sababu ni kodi ya nyumba au ada ya watoto, na hapo anahitaji ustawi wa jamii na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za mtaa husaidia sana, ila wajumbe wake ni majirani: wapewe taarifa za kuwawezesha kumlinda, wasipewe simulizi.

Askari wa dawati anapohamishwa, majalada yakabidhiwe kwa maandishi na kila mlalamikaji apigiwe simu na askari mpya ajitambulishe. Vilevile, mtuhumiwa asitoke kwa dhamana kabla mlalamikaji hajaarifiwa. Kumwachia bila kumwarifu mlalamikaji ni kosa la kawaida na la hatari: mwanamke anagundua mtu huyo yuko nje pale anapomkuta kisimani. Kwenye ukurasa wa mbele wa jalada ibandikwe karatasi yenye namba ya simu iliyo salama kumpigia, saa anazoweza kupokea, na jina la jirani mbadala, na askari anayeidhinisha dhamana asitie saini kabla ya kujaza pale pale saa aliyompigia mlalamikaji.