Giaboksi ya Mercedes W204 imekwama gia ya pili: fanya haya kabla ya kulipa bei ya wakala

Mwongozo huu ni wa C200 ya W204 iliyotoka kiwandani kati ya 2007 na 2011 hivi, yenye giaboksi ya gia tano. Dalili zenyewe ni hizi: gari linaenda vizuri, mara linakataa kupanda gia na kubaki kwenye ya pili. Ukizima na kuwasha, linapona. Kilomita kadhaa mbele, ugonjwa ule ule. Unalipeleka kwa wakala Nairobi, na karatasi inayorudi inasema giaboksi nzima ibadilishwe, au valvu bodi yote (kipande kinachoelekeza oili ya kubadilishia gia), kwa bei inayokaribia thamani ya gari lenyewe. Usitie sahihi bado. Mara nyingi kilichokufa ni pleti moja ya plastiki yenye sensa, iitwayo kondakta pleti, iliyo juu ya sampu tu (beseni la oili chini ya giaboksi), na fundi makini wa hapa Nakuru anaibadilisha kwa siku moja.

Kama bado uko nyumbani na gari limeshakwama, usilikokote hadi Nairobi likiwa gia ya pili. Kile kipande cha kupanda kutoka Naivasha kwenda Limuru kitaichemsha oili ya giaboksi, na tatizo dogo litakuwa kubwa kweli. Libebwe juu ya lori, si kuvutwa kwa kamba.

Hatua ya 1: Chambua karatasi ya wakala

Makadirio ya mstari mmoja, "kutengeneza giaboksi", hayakusaidii. Omba yanayoonyesha nambari ya kila spea, kazi kando, na VAT ya 16% kando. Mercedes huhesabu kazi kwa vipimo vya dakika 5, kwa hiyo vipimo 12 ni saa moja. Ukiona tarakimu kubwa kwenye safu ya kazi, gawanya kwa 12 ujue ni saa ngapi. Halafu tafuta kazi iliyohesabiwa mara mbili: kama "kubadilisha oili" na "kubadilisha valvu bodi" kila moja ina saa zake za kushusha sampu, waulize sampu inashushwa mara ngapi.

Omba pia ripoti ya uchunguzi yenye nambari za hitilafu. Umelipia uchunguzi, ripoti ni yako. Kwa gari la umri huu, naona hiyo ndiyo huduma ya wakala inayostahili bei yake: mashine yao inaiona giaboksi kwa undani ambao skana nyingi za mitaani haziufikii.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Anayetengeneza akishakupa makadirio, hawezi kukutoza zaidi yake kwa kupita 10%, na kazi ambayo hukuidhinisha hawezi kuidai. Pia una haki ya kurudishiwa spea zilizotolewa. Huhitaji kugombana. Andika tu kwenye fomu ya kupokelea gari kwamba spea za zamani unazitaka.

Hatua ya 2: Jua giaboksi uliyo nayo

Usiruke hapa. W204 ilikuja na giaboksi mbili tofauti, na mwongozo huu unafaa moja tu. Ya gia tano ni 722.6, kwenye orodha ya vifaa vya gari ina msimbo 423. Ya gia saba ni 722.9, msimbo 427. Kuna tovuti zinazotoa orodha hiyo ukiweka nambari ya chasi.

Tofauti ni hii: kwenye 722.6 kompyuta ya giaboksi iko nje, kwa hiyo pleti mpya inafungwa na gari linaenda bila kuandikishwa popote. Kwenye 722.9 kompyuta imekaa humo humo ndani ya oili, imefungwa kwa nambari ya chasi, na mpya haifanyi kazi mpaka iunganishwe na mfumo wa Mercedes mtandaoni. Mwenye gia saba hana budi kurudi kwa wakala au kwa mtaalamu mwenye kibali hicho. Kununua kompyuta ya ex-Japan na kuifunga tu ni kutupa pesa.

Hatua ya 3: Soma hitilafu, kisha angalia plagi

Skana ndogo ya ELM327 inasoma injini tu. Tumia iCarsoft ya Mercedes, Launch au Autel, uingie upande wa giaboksi. Unachotafuta ni sensa za kasi, Y3/6n2 au Y3/6n3. Skana nyingine itaandika P0715. Hizo sensa zimejengwa ndani ya kondakta pleti, haziuzwi peke yake.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari, toa bati la kukinga joto upande wa kulia wa giaboksi, na uchomoe plagi ya pini 13 (zungusha kinyume cha saa, usiivute). Ukikuta oili nyekundu ndani yake, oringi za bushi ya plagi zimekauka. Oili hiyo hupanda taratibu ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta, na huko huleta hitilafu zinazofanana kabisa na za pleti iliyokufa. Angalia basi na ule mwisho wa waya ulio kwenye kompyuta. Kama umelowa, safisha kwa dawa ya kusafishia plagi za umeme, subiri siku chache, safisha tena, kwa sababu iliyobaki ndani ya waya itaendelea kupanda. Kuna magari yaliyopona kwa bushi hiyo tu, ambayo ni kipande cha plastiki kinachotosha kiganjani.

Hatua ya 4: Spea

Linganisha kila nambari na nambari ya chasi yako kabla ya kutuma pesa:

- Kondakta pleti: 140 270 11 61
- Bushi ya plagi ya pini 13: 203 540 02 53
- Chujio: 140 277 00 95
- Gasketi ya sampu: 140 271 00 80
- Oili yenye kibali cha MB 236.14, lita 6. Fuchs Titan ATF 4134 au Shell ATF 134 ni sawa.

Chujio na gasketi za Febi au Meyle hazina shida. Pleti nunua ya boksi la Mercedes, hata ikibidi kuiagiza kwa wakala yule yule aliyekupa bili: bei yao ya spea hii moja bado ni sehemu ndogo ya bei ya kazi waliyopendekeza. Zile za bei ya kutupa pale Kirinyaga Road huwa na sensa zinazochoka mapema, na hutaki kuishusha sampu mara ya pili. Mzigo utafika Nakuru kwa matatu siku hiyo hiyo.

Kuhusu oili, fundi atakwambia ATF (oili za giaboksi otomatiki) zote nyekundu ni sawa. Si sawa. Konvata ya 722.6, inayounganisha injini na giaboksi, hufunga kwa kuteleza kidogo kwa makusudi, na oili isiyo na kibali huifanya itetemeke ukiwa mwendo wa wastani, kama gari linalopita juu ya bati la mawimbi. Wengi hudhani hapo giaboksi imekufa.

Hatua ya 5: Kubadilisha pleti

Inua gari kwa stendi nne, lilale sawa. Mwaga oili, shusha sampu.

Tazama sumaku za sampu kwanza. Ujiujiji wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au chembe nyeusi na harufu ya kuungua, simama hapo hapo. Wakala huenda alikuwa sahihi, na pleti haitakusaidia.

Chomoa plagi, fungua bolti ndogo ya milimita 7 iliyoshika bushi, uivute nje. Kisha bolti za T30 za valvu bodi. Ishike vizuri kabla ya kutoa ya mwisho, kwa sababu ni nzito na itakumwagia oili nyingine. Usiipasue nusu mbili. Ndani kuna vigololi vya kukuhangaisha wiki nzima. Solenoidi 6 (vali za umeme) zinahamishwa kutoka pleti ya zamani hadi mpya: piga picha kwa simu na utie alama, zisibadilishane nafasi. Unaporudisha, hakikisha kipini cha vali ya kuchagua gia kimeingia kwenye mkono wake. Kisipoingia, kila kitu kitafunga vizuri ila gari halitaingia gia yoyote. Bolti zote za valvu bodi na sampu hukazwa kwa 8 Nm (kipimo cha spana ya toki), plagi ya kumwagia 20 Nm. Hizo ni nguvu ndogo sana, na spana ya kawaida mkononi mwa fundi mwenye haraka hupita hapo bila yeye kujua.

Vumbi nalo. Nakuru wakati wa kiangazi upepo wa mchana haufai kwa kazi hii nje. Anza asubuhi, mwagia sakafu maji, na tumia kitambaa kisichoacha nyuzi, si pamba ya gereji.

Hatua ya 6: Kujaza na kupima oili

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, na ndipo gari hurudi kwa wakala na bili mara mbili.

Kwanza, bomba la dipistiki la 722.6 halina dipistiki. Limefungwa kwa kifuniko chenye kufuli ya plastiki, na dipistiki ni kifaa cha gereji, nambari 140 589 15 21 00. Zinauzwa za kuiga, zinafaa. Kijiti cha gari lingine hakifai, waya haifai, na "jaza ileile iliyotoka" haifai, maana hujui iliyotoka ilikuwa kiasi gani. Kama bushi ilikuwa inavuja, ilikuwa pungufu.

Mimina lita 4 injini ikiwa imezimwa, kwa faneli ndefu nyembamba. Washa. Mguu kwenye breki, pitisha P, R, N, D na kurudi, kila nafasi sekunde chache. Rudi P, injini ikiendelea kunguruma, pima. Kifaa kina alama mbili: ya 25 °C na ya 80 °C. Ongeza kidogo kidogo mpaka oili ifike eneo la 25. Hiyo inatosha kuendesha gari, lakini si kipimo cha mwisho.

Kipimo cha mwisho ni 80 °C, na joto linalohesabika ni la oili ya giaboksi. Sasa sikiliza vizuri. Kwenye giaboksi hii, sensa ya joto la oili imeunganishwa mfululizo na swichi ya P na N. Ukiwa P au N, saketi imekatika, na kompyuta hujaza pengo kwa kutumia joto la maji ya injini. Kwa hiyo ukisimama P, skana itakuonyesha 85 au 90 kwa raha zote huku oili ya giaboksi iko 50. Ukipima hapo, oili haijatanuka bado, inaonekana pungufu, unaongeza; ikipata joto kweli imezidi. Iliyozidi inachapwa na gia zinazozunguka, inafanya povu, shinikizo linashuka, gia zinateleza, na nyingine inatoka kwa tundu la kupumulia na kuchafua chini kama vile gasketi imepasuka. Watu wameshusha sampu kutafuta uvujaji usiokuwepo.

Kwa hiyo: endesha kwenda Njoro na kurudi. Simama mahali tambarare kwelikweli. Yadi nyingi za gereji zina mteremko wa kutolea maji, tumia pima maji ya fundi mwashi kama huna hakika. Injini inanguruma. Kanyaga breki, weka D, soma joto la giaboksi kwenye skana. Ikiwa 80 au karibu, rudisha P, upime mara moja. Pima mara tatu, maana pande za bomba huwa na oili na hupaka kifaa. Soma upande ulio chini zaidi. Imezidi? Nyonya kwa sirinji yenye mpira mwembamba kupitia bomba hilo hilo. Imepungua? Ongeza robo lita, si zaidi, kisha upime tena.

Futa hitilafu, na weka kufuli mpya ya kifuniko ili asije mtu wa kuosha gari akakifungua. Gia zinaweza kuwa na mshtuko mdogo mwanzoni wakati kompyuta inajifunza upya. Mshtuko unaoendelea baada ya hapo kwa kawaida ni kipimo cha oili, si pleti.

Hatua ya 7: Mistari iliyobaki kwenye makadirio

Usitupe karatasi yote kwa hasira ya mstari mmoja. Kama wakala ameandika mnyororo wa taimingi na gia za kamshafti za injini ya M271, na gari linapiga kelele ya mnyororo kwa sekunde chache asubuhi likiwa baridi, hilo ni la kweli na haliahirishwi. Mnyororo ukiruka, injini imekwisha. Kufuli ya usukani ya W204 nayo, ile inayokufa na ufunguo ukakataa kuzunguka, ni ya mtaalamu mwenye mashine. Uliza pia kama chasi yako imo kwenye wito wa kurudisha magari kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata.

Sapota za shoki, bushi, breki, radieta: zote fundi wa Nakuru anaziweza kwa spea za Lemförder, Sachs au Bosch. Wajibu wakala kwa maandishi, mstari kwa mstari, unachokubali na unachokataa, na uombe makadirio mapya ya vile ulivyokubali peke yake.